UZI: "I wot not", "wist ye not", "to wit"... hiki kitenzi cha Kiingereza cha zamani maana yake nini na kimetoka wapi?

#1 KijanaMisale

Wakuu salama humu ndani? Naombeni msaada kwa wanaojua lugha. Kanisani kwetu ibada ya Kiingereza wanasoma ile Biblia ya King James ya 1611 na mi nikaamua niisome yote mwenyewe nyumbani. Thee, thou, hath, doth nishazizoea hazinisumbui tena. Kinachonisumbua ni hiki kineno "wot". Mwanzo 21:26, Abimeleki na Abrahamu wanagombana habari ya kisima, Abimeleki anajitetea "I wot not who hath done this thing", kwenye Biblia yetu anasema tu sijui. Afu Luka 2:49 Yesu kabaki hekaluni akiwa na miaka 12, wazazi wamemtafuta siku tatu, anawajibu "wist ye not". Afu 2 Wakorintho 8:1 Paulo anasema "we do you to wit of the grace of God". Sasa hivi ni vitenzi vitatu au ni kimoja kinachovaa nguo tofauti? Kamusi ya kwenye simu inaniambia tu ni kujua, neno la kale, imeisha hiyo. Mi nataka asili yake, kwa nini kinabadilika hivyo na kimepotelea wapi. Wenye madini tiririkeni.

#2 ChumaReli

Hiyo wot si ndo "what" tu mkuu, wazungu wa zamani walikua hawana spelling moja kila mtu anaandika anavyosikia. Hata leo vijana wa Uingereza wakichati wanaandika wot. Usijichoshe.

#3 MzeeWaMsamiati

KijanaMisale umeleta swali tamu sana, hiki kitenzi mi ndo nakipenda kuliko vyote vya Kiingereza cha kale, ngoja nishushe taratibu.

Nianze na ChumaReli. Hapana ndugu yangu, wot ya kwenye chati na wot ya Abimeleki zimekutana sura tu. "What" kwenye Kiingereza cha Kale ilikua "hwæt", inaanza na h, ni kiulizi. Ya Abimeleki ni kitenzi "witan", maana yake kujua, na wot, wist, wit zote tatu ni hichohicho kimoja. Kiingereza cha Kale nasemea kile cha Waanglo na Wasaksoni kabla Wanormani wa kutoka Ufaransa hawajavamia mwaka 1066.

Enzi hizo walikua wanasema "ic wat", najua. "He wat", anajua. Wakiwa wengi inageuka "we witon", tunajua. Na wakati uliopita ni "wiste", nilijua. Ile a ndefu ya "wat" baadae ikageuka o, na haikugeuka hapo peke yake, "stan" ikawa stone, "ham" ikawa home, "ban" ikawa bone. Ndo tukapata wot. Kwaiyo wot ni najua ya sasa hivi, wist ni nilijua, na "to wit" ni kujua yenyewe. Yesu anaposema "wist ye not" anauliza hamkujua? Na Paulo "we do you to wit" hiyo do sio ile ya kuulizia maswali, ni do ya kusababisha, tunawafanya mjue. Kiswahili kinaimaliza kwa kiambishi tu, tunawajulisha. Biblia yetu imesema twawaarifu.

Sasa hapo kwenye wat na witon ndo kuna siri yenyewe, kwa nini ukiwa mmoja ni a na mkiwa wengi ni i? Narudi.

#4 LuluKahama

Nimekaa mkao wa kula. Mzee usipotee kama ulivyopotea kwenye ule uzi wa ngeli.

#5 MzeeWaMsamiati

Nipo mwalimu Lulu sipotei.

Chukua kitenzi ambacho kila mtu hapa anakijua, write. Kwenye Kiingereza cha Kale nilipoandika ilikua "ic wrat", tulipoandika ilikua "we writon". Sasa weka pembeni yake ic wat, we witon. Wrat, writon. Wat, witon. Ni pacha kabisa, tofauti ni ile r tu! Na wrat ikaja kuwa wrote kwa njia ileile ambayo wat iliingia ikawa wot. Maana yake nini, maana yake wot kwa umbo ni wakati uliopita. Imevaa nguo za jana lakini inaongelea leo.

Imekuaje? Shina lake kwenye ile lugha mama ya zamani wataalamu wanayoiita Kihindi-Kiulaya halikua la kujua, lilikua la KUONA. Shina hilo wanaliandika *weid. Na wat asili yake ni hali timilifu ya hilo shina, yani "nimeona". Mtu akishaona kitu, anakijua. Nimeona ikazoeleka mpaka watu wakasahau ya kuona, ikabaki najua tupu.

Mzungu hapa inabidi aelezwe sana maana Kiingereza chake cha leo hakimsaidii, lakini mtu wa Kiswahili analishika saa hiyohiyo kwa sababu tuna -me-. Ukisema nimechoka, kiambishi ni cha jambo lililotimia ila unaongelea hali uliyonayo sasa hivi umekaa hapo. Amelala, si kwamba alilala zamani, yuko usingizini saa hii. Amesimama mlangoni. Amevaa shati jekundu. Mwangalie mgeni anayejifunza Kiswahili, atakwambia "anavaa shati jekundu" na wewe unashangaa mbona ameshalivaa, anavaa ni yule bado anaingiza mikono. Kitendo kimeisha, hali imebaki, ndo -me- yetu. Wat ilianza hivyohivyo, kuona kumeisha, kujua kumebaki.

Na kuona kugeuka kujua hatuwezi kujifanya wageni nako. Fundi akikuelekeza kitu mpaka kikaingia anakuuliza "umeona?" hata kama alikua anakuelezea kwa simu na hamna cha kuona hapo.

#6 LuluKahama

Mzee nimesisimka. Nafundisha Kiingereza sekondari na kuna swali wanafunzi wananibana nalo kila mwaka, naomba nikubane nalo na wewe. Tunawafundisha he eats, she goes, it rains, nafsi ya tatu umoja weka s. Afu tunafika kwenye can, may, must, shall tunawaambia hapa HAMNA s. He can, sio he cans. Wanauliza kwa nini, vitabu vinajibu ni modal verbs zina kanuni zake. Hilo sio jibu. Naona umeandika hapo juu "he wat" nayo haina kitu mwishoni, je kuna uhusiano?

#7 MzeeWaMsamiati

Uhusiano upo mwalimu, na hao wanafunzi wako wana haki ya kukubana.

Jiulize, vitenzi vya Kiingereza vikiwa wakati uliopita vinachukua s? I sang, he sang. I wrote, she wrote. Havichukui, na tangu zamani nafsi ya kwanza na ya tatu umoja zilikua zinafanana kwenye wakati uliopita wa namna hiyo. Sasa can, may, shall, ile mot ya zamani iliyotupa must, pamoja na dare na owe kwenye enzi zake, zote ni kabila moja na wot. Ni maumbo ya wakati uliopita yaliyohamia wakati wa sasa. Kwaiyo he can haina s kwa sababu ileile he sang haina s. Haijaasi kanuni yoyote, imefuata kanuni ya nguo iliyovaa.

Jirani zake wanathibitisha. Mjerumani kwa vitenzi vya kawaida anaweka t nafsi ya tatu, er macht, anafanya. Ila kujua anasema er weiß, na kuweza er kann, t hamna. Weiß hiyo ndo wot yenyewe, kitenzi chao wissen ndo witan, tena kwao kiko hai mpaka leo mtoto wa chekechea anakitumia. Mholanzi ana weten, Mswidi ana veta. Ni Mwingereza peke yake karibu hapo mtaani aliyekiacha kikafa.

Kitu kingine. Vitenzi hivi vilipohamia wakati wa sasa vikaacha pengo nyuma, umeshatumia nguo ya jana leo, jana yenyewe utavaa nini? Wakavishonea wakati uliopita mpya kwa d au t mwishoni. Ndo could, should, might, ought, must, na kwa kwetu hapa wist. Must kwa asili ni wakati uliopita wa mot, afu nayo ikahamia wakati wa sasa, yani imehama mara mbili, ndo maana leo must haina wakati uliopita wake na unalazimika kusema had to. Waambie wanafunzi hilo.

Na kwenye could, ile l isiyotamkwa haikuwepo kabisa zamani, ilikua "coude". Waliibandika baadae ili ifanane na should na would ambazo l zao ni halali.

#8 LuluKahama

Jumatatu asubuhi naingia kidato cha tatu na hii kitu. Asante sana mzee.

#9 WakiliMtaani

Habari zenu wadau, niko Nairobi. KijanaMisale ameuliza kimepotelea wapi, mimi nakiona kila siku kazini. Hati za mashtaka za huku kwetu bado zinasema "to wit". Mtu akishikwa na bangi hati inasoma kwamba alipatikana na dawa za kulevya to wit cannabis, gramu kadhaa. Akishtakiwa kupora kwa silaha, alikuwa na dangerous weapon to wit a panga, hivyo hivyo panga limeandikwa katikati ya Kiingereza cha kale. Na Tanzania najua wanaitumia pia, sheria zetu zilitoka chungu kimoja. Karani anaichapa, hakimu anaisoma, mshukiwa anaambiwa ajibu, na hakuna hata mmoja hapo chumbani anayeisikia kama kitenzi. Kwa Kiswahili mkalimani anasema "yaani" ama "ambayo ni" halafu tunaendelea.

Mzee, swali langu, imefikaje hapo kortini? Na kuna ile nyingine ya viz. ambayo tunatumia kwenye mikataba, zinahusiana?

#10 MzeeWaMsamiati

Wakili karibu sana, umeleta mfano mzuri kuliko wangu wote.

Mwanzo wake ni "that is to wit", yani ndiyo kusema, ijulikane kwamba. Baada ya 1066 wenye nguvu Uingereza walikua wanaongea Kifaransa, na mahakamani wakawa na Kifaransa chao cha kisheria, humo walikua wanasema "c'est à savoir", savoir ni kujua. Kwenye Kilatini cha mahakama walisema scilicet, nayo ndani yake kuna kujua. Kiingereza kiliporudishwa pole pole mahakamani, kuna sheria ya 1362 iliyotaka kesi zizungumzwe kwa Kiingereza maana wananchi walikua hawaelewi wanachohukumiwa nacho, ikabidi hizo fomula zipate mwenzake wa Kiingereza, na kipindi hicho kujua ilikua bado ni wit. Baadae that is ikadondoka ikabaki to wit. Lugha ya sheria ikishaamini neno haliachi, kwa sababu ukilibadilisha kuna mtu atakuja kudai maana nayo imebadilika, hilo we wakili unalijua kuliko mimi.

Na viz. ni kifupi cha Kilatini "videlicet", ambayo ni videre licet, ruhusa kuona. Videre, kuona, ni shina lilelile la *weid! Kwaiyo wakili ukiandika viz. kwenye mkataba asubuhi na mchana ukasoma to wit kwenye hati ya mashtaka, umekutana na ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kabaki kwenye kuona mwingine kaenda kwenye kujua.

#11 ChumaReli

Mzee hapo unatupiga sasa. Videre ina d, wit ina t, unaziunganishaje? Kwa mtindo huo kila neno duniani ni ndugu wa kila neno.

#12 MzeeWaMsamiati

Swali la haki kabisa na ndo linalotofautisha utaalamu na kubahatisha.

Kufanana kwa neno moja hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni mpangilio unaojirudia. We ukisikia mtu, Mganda anasema omuntu, Mzulu umuntu, Mkikuyu mundu, huhitaji kuambiwa ni neno moja kwa sababu unaona hata maneno mengine yanapishana kwa utaratibu. Huko nako hivyo. Penye d Kilatini, Kiingereza kina t. Mbili ni duo, kwao two. Kumi ni decem, kwao ten. Jino ni dent-, kwao tooth. Kula ni edere, kwao eat. Moyo ni cord-, kwao heart, na hapo ona na c imekua h. Utaratibu huu Mjerumani Jacob Grimm aliuweka wazi 1822, ndo huyohuyo wa hadithi za watoto na ndugu yake. Kwaiyo vid- ya Kilatini INATAKIWA iwe wit kwa Kiingereza, ingekua wid ndo tungekua na mashaka. Na v ya Kilatini cha Warumi wenyewe walikua wanaitamka w.

Mgiriki wa kale yeye alikua na oida, najua, nayo ni hali timilifu ya kuona, hatua kwa hatua sawa na wat, w tu ndo ilidondoka mbele. Na India kwenye Kisanskriti kuna veda, najua, anajua. Lugha tatu ambazo watu wake walishaachana maelfu ya miaka, zote zina "nimeona" inayomaanisha "najua", haiwezekani kila mmoja aligundua kivyake. Kuna jaji Mwingereza, William Jones, alikua kazini Kolkata, 1786 alisimama akasema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana kupita bahati na lazima zilitoka chanzo kimoja. Mifano ya namna hii ndo inayomtetea mpaka leo.

Na Veda zile za Wahindu, Rigveda na wenzake, jina ni la shina hilohilo, ujuzi. Ayurveda unayoiona kwenye vibandiko vya dawa madukani, ayus ni uhai, veda ni ujuzi.

#13 BintiKisauni

Asalaam aleikum. Nawasoma tangu mwanzo nikaona niwatilie na ya kwetu Mombasa kidogo. Mzee amesema twawaarifu ya Paulo. Hiyo arifu ni Kiarabu, 'arafa, kujua, na huko ndiko tulikotoa maarifa na taarifa. Lakini Kiarabu kina kujua kwengine, 'alima, ndiko tulikotoa elimu, mwalimu, na maulamaa. Kwa wenyewe 'arafa ni kumtambua mtu ama kitu, na 'alima ni kujua kwamba jambo liko hivi. Sisi tumezichukua zote mbili kama majina lakini kwa kitenzi twasema kujua tu, namjua Salma, najua mvua itanyesha, yote jua.

Na la pili, shahidi. Asili yake sh-h-d, kuhudhuria na kuona kwa macho, hata mtazamaji wa runinga Waarabu wamwita mushahid. Sasa Kiingereza witness, ndani muna hiyo wit yenu?

#14 MzeeWaMsamiati

Waaleikum salaam dada BintiKisauni, umenipunguzia kazi.

Ndio, witness ni wit pamoja na ile -ness ya kutengeneza jina, mwanzo ilikua na maana ya ujuzi, halafu ushahidi, halafu ikamshukia mtu mwenyewe anayetoa ushahidi. Mwarabu kaanzia kuona kwa macho, Mwingereza kaanzia kujua ambako nako kulianzia kuona, wamekutana kortini.

Na hiyo ya 'arafa na 'alima ndo inajibu kwa nini kitenzi kilikufa. Kiingereza cha Kale kilikua na mbili hivyohivyo, witan kujua kwamba, na cnawan kutambua, kumjua mtu. Cnawan ndo know. Wadau wa Bujumbura na Lubumbashi mliopita kwenye Kifaransa mnaijua tofauti ya savoir na connaître, ukichanganya mwalimu anakurekebisha, na Mjerumani ana wissen na kennen. Uingereza know ikaanza kula eneo la mwenzake taratibu karne kwa karne, na wit haikua na nguvu ya kujitetea maana maumbo yake yalikua yametawanyika mno, mtoto anayejifunza kuongea anatakiwa ajue wit, wot, wist ni kitu kimoja, wakati know, knew, known mtu anaziona ndugu. Isitoshe wit ilikua tayari ina kazi nyingine kama jina, akili, na akili ikateleza ikawa ucheshi wa mtu mwepesi wa kujibu, ndo wit ya leo.

Kufikia 1611 watu wa London mitaani walikua hawasemi tena wist kwa wingi. Kwenye Biblia ilibaki kwa sababu wafasiri wale hawakuanza upya, walifuata sana tafsiri za nyuma na hasa ya William Tyndale, Agano Jipya lake la 1526, na "wist ye not" ya Luka ilishakuwemo mule. Tyndale aliuawa 1536 kwa ajili ya kazi hiyo, na maneno yake ndo KijanaMisale anasoma kanisani kwake leo.

#15 MgeniNjoo

Samahani wakuu nimechelewa uzi. Vipi kuhusu Wits, kile chuo kikuu cha Johannesburg, nacho ni hii wit ya kujua? Ingependeza chuo kiitwe Kujua.

#16 MzeeWaMsamiati

Ingependeza lakini sio. Wits ni kifupi cha Witwatersrand, na wit hapo ni nyeupe kwa Kiafrikaans, ndugu wa white, jina lote ni kama ukingo wa maji meupe. Kujua kwa Kiafrikaans ni weet, HUYO ndo ndugu wa wot.

Ila waliobaki hai ni wengi. Wise, wisdom, outwit, na unwittingly, bila kujua. Hata guide, kuongoza, ambayo watu wa Arusha na utalii wanaitamka kutwa, Wafaransa waliichukua kwa Wafranki, kabila la Kijerumani lililotawala Ufaransa zamani, waliokua na kitenzi cha ukoo huu, w ya Wafranki Wafaransa wakaigeuza gu kama walivyogeuza William kuwa Guillaume, afu Waingereza wakaiazima tena imeshabadilika sura hawakuitambua. Na wafalme wa Waanglo-Saksoni walikua na baraza linaitwa Witenagemot, mkutano wa wenye kujua, hao ndo walimkubali Harold awe mfalme Januari 1066 Edward alipofariki, miezi michache kabla ya vita ya Hastings.

Sisi pia tunao kwenye Kiswahili bila kugonga hodi. Viza ya pasipoti, kwa Kilatini ni vilivyoonwa, yani ofisa kaiona karatasi yako kaipitisha. Video, "naona". Televisheni, nusu yake ya mwisho. Na historia! Kigiriki histor ni mtu anayejua, shahidi au mwamuzi, toka *weid hiyohiyo, na historia ilikua ni uchunguzi wa mtu wa namna hiyo. Mtoto wa darasa la nne anayesema leo tuna kipindi cha historia anatamka ndugu wa wot ya Abimeleki.

#17 KijanaMisale

Mzee nimeshindwa hata kuandika, narudia kusoma tu. Kuna mawili nimeyakuta jana usiku nikihakiki. Mwanzo 39:8, Yusufu anamkatalia mke wa Potifa, "my master wotteth not what is with me in the house". Wewe umesema he wot, bila kitu mwishoni kama he can. Sasa hii wotteth? Na la pili, rafiki yangu anayesoma fasihi kanionesha kwenye Shakespeare, "I wis". Hii nayo ni umbo lingine la hichohicho?

#18 MzeeWaMsamiati

Macho yako makali KijanaMisale, hayo mawili ndo yenyewe.

Wotteth ni ushahidi kwamba kitenzi kilikua kinakata roho. Kwa kanuni ya zamani ilitakiwa iwe "my master wot not". Lakini kufikia 1611 watu walikua hawahisi tena kwamba wot ni wa kabila la can na shall, wakakichukulia kama kitenzi cha kawaida tu, hath, doth, goeth, basi na hiki wotteth. Wamekivisha -eth ambayo babu zao wangeishangaa, ni sawa na mtu leo aseme he cans.

"I wis" hiyo sio kitenzi kabisa. Kulikua na kielezi "iwis", neno moja, maana yake hakika, kwa yakini, Mjerumani mpaka leo anasema gewiss na Mholanzi gewis. Lile i la mbele ni mabaki ya kiambishi ge-. Waandishi na wachapaji wakaanza kuliandika likiwa limetengana, i wis, na kwa sababu mimi kwa Kiingereza inaandikwa I kubwa, ikaja kuwa I wis, na wasomaji waliofuata wakaona aah hapa anasema mimi najua. Hiyo aliyokuonesha rafiki yako kama ni ile ya The Merchant of Venice, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikaitwa Mabepari wa Venisi, ni pale mkuu wa Aragon anapofungua sanduku la fedha akakuta picha ya mjinga, na karatasi inamwambia "There be fools alive, I wis, silver'd o'er". Maana yake wajinga wapo hai, hakika, waliopakwa fedha juu. Karne zilizofuata washairi waliopenda kuandika kizamani wakalitumia kabisa kama kitenzi, I wis kwa maana ya najua, kitenzi ambacho hakikuwahi kuzaliwa kwenye kinywa cha mtu yeyote. Ukikutana nalo soma hakika, na usilihesabu kwenye ukoo wa wot kwa umbo, japo kwa shina la mbali kabisa gewiss nayo ilitoka kwenye *weid, kilichojulikana, cha yakini.